Gauni la Fotokopi: Niliyojifunza Nikishona Taka na Rafiki Zangu Transjenda

Alikuja saa moja jioni, akaniomba nifunge mlango kabla sijamzungushia futi. Nilimpima mabega, kifua, kiuno, na nilipofika kwenye nyonga akashusha pumzi kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Sikuuliza. Nimekuwa fundi wa nguo mashariki mwa Nairobi kwa miaka 19, na nilijifunza mapema kwamba mwili wa mteja kwangu ni vipimo tu. Nikaandika tarakimu kwenye daftari, kisha nikamuuliza niandike jina gani juu yake. Hapo alinyamaza. Akataja jina la kike, halafu akaongeza upesi: "Lakini nikikulipa kwa M-Pesa litatokea jina lingine, fundi. Usishtuke."

Hiyo ilikuwa 2021. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa na wateja watano kama yeye, wanawake transjenda wanne na mwanamume transjenda mmoja, kila mmoja ameletwa na mwenzake. Tangu wakati huo tumeandaa pamoja maonyesho mawili ya mavazi yaliyoshonwa kwa taka ili watu waone jinsi rafiki zangu hawa wanavyonyimwa haki. Wengine wanaotaka kufanya kama sisi huja karakana kuniuliza. Nawaandikia yote hapa, pamoja na kosa langu lililomtoa mtu nyumbani kwake.

Kwanza nieleze neno lenyewe, maana mshereheshaji wetu wa kwanza alilivuruga mbele ya watu. Mtu transjenda ni yule ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo ile anayojijua kuwa nayo. Huntha ni jambo jingine: huyo amezaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Watu transjenda hawakuwa na kisanduku chao katika sensa ile. Ukiyachanganya haya mawili jukwaani, unawakosea wote.

Nilidhani shida yao kubwa ni matusi ya barabarani. Wao wakaniambia shida ni karatasi. Kitambulisho kinasema hivi, sura inasema vile, na kila mlango wa nchi hii unafunguliwa kwa kitambulisho: wakala wa M-Pesa, mlinzi wa jengo la ofisi, dirisha la hospitali, mwenye nyumba. Askari akiona picha na jina visivyolingana na aliyesimama mbele yake, neno la kwanza ni kwamba unajifanya mtu mwingine. Mmoja wao alikiita kitambulisho chake nguo ya kuazima, na sote tulijua methali inavyomalizia. Jina unaweza kulibadilisha kwa hati rasmi na kulitangaza katika Gazeti la Serikali, lakini herufi ya jinsia ndiyo kisiki. Wote watano walikuwa wakimtaja Audrey Mbugua, mwanamke transjenda ambaye Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti kipya cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Waliisimulia kesi ile kama watu wanavyosimulia mvua iliyonyesha mwaka wa kiangazi.

Wazo la taka lilitokana na mashua. Mtakumbuka ile Flipflopi, iliyoundwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, plastiki kuukuu tupu, na juu yake vipande vya ndala zipatazo 30,000. Mapema 2019 ilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na kila ilipotia nanga watu walikuja kushangaa rangi wakabaki kusikiliza habari za bahari. Nikawaambia rafiki zangu: mtu asiyetaka kusikia neno transjenda atakubali kuja kuona gauni la pakiti za maziwa. Hilo bado naliamini.

Nilichokosea ni maana niliyotaka kuitia ndani ya gauni. Nilikuwa nimepanga tuseme kwamba wao ni watu waliotupwa na jamii, nasi tunaonyesha kwamba kilichotupwa kinaweza kupendeza. Nililiona ni wazo zuri. Tulipofika kwenye kuvalisha, yule mwanamume transjenda, kijana mwendesha bodaboda, alisimama mbele ya kioo na koti langu la pakiti za maziwa. Akajitazama muda mrefu. "Kwa hivyo hapa mimi ndiye pakiti?" Sikuwa na jibu. "Fundi, mimi sijatupwa. Mama yangu ananipigia kila Jumapili. Kilichotupwa ni barua zangu za kuomba kazi."

Tukakaa chini siku ile ile tukaanza upya. Tuliamua kwamba taka isisimame badala ya mtu. Isimame badala ya vikwazo. Mavazi yawe ya vile vinavyorundikwa juu yao: fomu, foleni, risiti, barua za kukataliwa. Nimeona maonyesho mengine kwenye simu yanayorudia ile picha ya kwanza, ya mtu kama takataka iliyookotwa ikang'arishwa, na nawaomba sana muiache. Muulizeni anayevaa kabla hamjakata kitambaa. Najua fundi hupenda kuwa na picha yake kichwani, lakini vazi la namna hii lina mwenyewe.

Sasa kuhusu kushona, maana hapa najua ninachosema.

Gunia la mchele lile la kusokotwa ni zuri kwa sketi na makoti kwa sababu halilegei, ila ukilikata linafumuka mpaka kati. Pitisha ukingo kwenye ncha ya mwali wa mshumaa uyeyuke kidogo, kisha pinda ndani. Ukiacha ukingo ule wazi unachana ngozi. Pakiti za maziwa zioshe mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, uzianike siku nzima. Sisi tuliziosha mara moja, na chini ya taa za ukumbi harufu ilirudi yote. Plastiki laini ukitaka iwe nene kama kitambaa, panga tabaka tatu au nne, weka karatasi ya kuokea juu na chini, pitisha pasi ya moto mdogo. Usitumie gazeti, wino unahamia. Fungua dirisha na mlango, moshi ule si wa kuvuta.

Kwenye cherehani, weka mshono mrefu, kama milimita 4. Mshono mfupi unatoboa plastiki kwa mstari, na mvaaji akiinama inachanika kama stempu. Plastiki ikigandia chini ya mguu wa cherehani, nyunyiza poda ya mtoto. Mimi niliirudia cherehani ya miguu, kwa sababu ile ya umeme inakimbia kuliko mkono. Vizibo vya soda vigonge viwe bapa, uvipige msasa pembeni, uvitoboe kwa msumari juu ya ubao. Gauni lililobeba vizibo 600 lilizidi kilo moja kwa vizibo peke yake. Mabegani nililitia mikanda iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu ili lisimkate mvaaji.

Halafu bitana. Msishone taka juu ya ngozi. Nilinunua shuka za pamba za mitumba soko la Gikomba, nikazikata bitana za mavazi yote. Hata hivyo tulipata tatizo ambalo sikulijua. Mwanamume transjenda mara nyingi anakuwa amebana kifua kwa vazi la ndani lenye kukaza. Nikamfunga juu yake koti la plastiki lisilopitisha hewa, shingo imefungwa, na baada ya dakika kama 25 za mazoezi miguu ilimlegea. Tulimvua haraka tukampepea. Tangu hapo makwapa nayakata mapana, mgongoni naacha upenyo uliofichwa na mkunjo, na hakuna anayekaa ndani ya plastiki zaidi ya dakika 15. Kwa wanawake transjenda, muulize kila mmoja anataka kiuno kionekane wapi na bega lifichwe vipi, na uyaamini majibu yake. Hilo ni jambo la kumfanya asimame wima au ajikunje jukwaani.

Jambo jingine kuhusu plastiki: mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Mmoja wetu alileta furushi la mifuko ya zamani kwao, rangi nzuri kweli. Tuliikataa. Watu hawa tayari askari wanawatazama; sitawapa sababu ya pili ya kukamatwa. Pakiti, magunia na vifungashio vya mkate vinatosha.

Na taka si ya bure. Tulidhani hivyo, tukaenda kwenye jaa la Dandora na mikono mitupu. Anayeokota pale anaishi kwa kilo anazouza. Mlipe, tena zaidi ya anavyolipwa na dalali, maana unamwomba akuchagulie safi. Kwa maonyesho ya kwanza tulitumia hivi: wakusanyaji 3,000, bitana 1,400, nyuzi na sindano 900, gundi 650, ukumbi 8,000, chakula 4,500, na teksi za kuwarudisha watu usiku 6,200. Jumla shilingi 24,650, na wiki zangu tatu za kazi sikuzihesabu. Teksi tulibishana kama ni lazima. Ni lazima. Msimwache mtu aliyepakwa rangi usoni angoje matatu saa tatu usiku. Ila hatukuweka hata shilingi moja ya dharura.

Maonyesho hayo ya kwanza tuliyafanya tarehe 20 Novemba 2022. Siku hiyo duniani kote watu huwakumbuka transjenda waliouawa. Ilianza Marekani mwaka 1999, Gwendolyn Ann Smith alipoanzisha kumbukumbu ya Rita Hester, aliyeuawa Boston mwaka mmoja kabla. Hatukupita jukwaani kwa mikogo ya warembo. Tulipanga foleni. Watu watano wamesimama mbele ya meza, na kila anayefika anaulizwa kitambulisho, anarudishwa nyuma. Wa mwisho ndiye alivaa gauni la fotokopi.

Gauni lile nililipenda kuliko kazi zangu zote. Sketi pana ya gunia, juu yake karatasi zimeshonwa kama magamba ya samaki, zikianzia ndogo kiunoni na kupanuka kuelekea chini. Akitembea zilitoa sauti ya mtu anayepekua faili. Walikuwa wamenipa karatasi zao wenyewe nizitoe fotokopi: kadi za hospitali, barua, risiti, nakala za vitambulisho. Majina na nambari niliyafuta kwa kalamu nene nyeusi, karatasi baada ya karatasi, usiku mbili. Nilifika kwenye pindo nimechoka, nikazishona za chini bila kuzigeuza kuangalia upande wa pili.

Siku mbili baada ya maonyesho, picha moja nzuri sana ilikuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sikujua nani aliipiga, watu wengi walikuwa na simu mkononi. Mtu fulani aliikuza. Kwenye pindo, chini ya goti la kushoto, jina la zamani la yule aliyelivaa na nambari yake ya kitambulisho vilisomeka vyote.

Alhamisi alirudi akakuta mwenye nyumba ameweka kufuli jingine juu ya lile la kwake. Saluni alikokuwa akisuka wakamwambia apumzike kwanza. Alilala karakana yangu siku tisa juu ya shuka zilizobaki za bitana. Kodi na dhamana ya chumba kingine, mtaa mwingine, ilikuwa 14,000, na hatukuwa nazo. Niliuza cherehani moja ya miguu. Hakunifokea. Usiku wa tatu, taa imezimwa, ndipo aliposema: "Ningeisoma mwenyewe ningeiona, fundi. Hukunipa niisome."

Nimelala na maneno hayo usiku mwingi. Nilikuwa nimefanya kazi kwa ajili yake na bado sikumpa nafasi ya kuikagua.

Kwa hiyo sheria zetu sasa ni hizi, na nawasihi muanze nazo badala ya kuzifikia kama mimi. Karatasi halisi ya mtu haishonwi kamwe. Naandika fomu za kubuni kwa mkono. Simu zinawekwa kwenye bahasha mlangoni. Mpiga picha ni mmoja, anajulikana, na hatoi picha mpaka aliyemo aiangalie, na akibadili mawazo mwezi ujao inafutwa. Anayetaka kufunika uso anafunikwa, na nguo inashonwa tangu mwanzo ikiwa na kifuniko, isiwe kitambaa cha kuongezea dakika ya mwisho. Na kabla ya kununua hata uzi, tunatenga kodi ya mwezi mmoja ya mtu mmoja.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mazito. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 kwa 2, kwamba serikali ilikosea kulinyima usajili shirika linalotetea haki za mashoga na wasagaji. Baada ya hapo hasira zilipanda redioni na kwenye mimbari, na wengi hawakutofautisha nani ni nani. Ukumbi tuliokuwa tumelipia ulituma ujumbe kwamba haupatikani tena, ukarudisha nusu. Barabarani hatukwenda: mkutano wa hadharani unataka taarifa kituo cha polisi siku 3 hadi 14 kabla, na jina la mwandaaji juu yake, na hatukuwa tayari kuandika jina la yeyote.

Tukafanya uani kwangu, Desemba, saa tisa mchana, mbele ya akina mama wa chama changu na majirani. Watu kama 30. Niliogopa kuliko ukumbini, kwa sababu ukumbini wengi walikuwa wameshakubaliana nasi kabla hawajaingia.

Uani nilijifunza kuhusu lugha. Mara ya kwanza mshereheshaji alizungumza Kiingereza, na kila sentensi ilimlazimu achague mwanamume au mwanamke, akateleza mara mbili, na kila alipoteleza niliona bega la mtu likishuka. Safari hii ilikuwa Kiswahili tupu. Ameingia, amesimama, anangoja, yeye. Lugha yetu haimuulizi mtu jinsia yake kwanza ndipo imwambie amekaa au amesimama. Panapobana ni kwenye dada na kaka, mama na baba, na hapo unamuuliza mtu, kisha unamwita anavyotaka.

Tuliwaacha washike mavazi. Huo ndio mlango. "Hii umeizuiaje isichanike?" "Hivi vizibo mlivitoboa na nini?" Walikaa na koti la maziwa magotini wakilipekua mishono, na waliolivaa wakajibu wenyewe, wakiwa wamekaa nao kwenye mikeka. Kisha tukaigiza dirisha la hospitali. Karani anaita jina. Hakuna anayeinuka. Anaita tena. Mwanamke aliyekaa mbele anatazama chini, kwa sababu akiinuka kwa jina lile la kiume chumba kizima kitageuka. Karani anaita anayefuata.

Mama mboga wa kona yetu aliinua mkono kama darasani. "Ngoja. Zamu yake imepita hivyo hivyo? Na ugonjwa?" Rafiki yangu akamjibu, "Narudi nao nyumbani, mama." Mama yule alitikisa kichwa. Akasema aliwahi kupitwa na zamu akiwa na mtoto mwenye homa, kwa sababu walilitamka jina la mtoto vibaya. Wakazungumza wawili hao mpaka chai ikapoa.

Sitawaficha: wawili waliondoka katikati, na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akinipa kazi ya sare za shule kila Januari hakuniletea tena. Kazi ile ilikuwa kama shilingi 18,000 kwa mwaka. Mkiamua kufanya haya mtaani mnakoishi, hesabuni na hilo.

Sasa tunajiandaa kwa tarehe 31 Machi, siku ya transjenda kuonekana. Yule aliyevaa gauni la fotokopi hapandi tena jukwaani, na sijamwomba. Amejichagulia kazi nyingine: hakuna vazi linalotoka karakana kabla hajaligeuza ndani nje na kulisoma, kila kipande, karibu na dirisha. Wiki iliyopita alinirudishia koti la vifungashio. Kwapani, chini ya mshono, kulikuwa na kipande cha risiti chenye tarakimu nne za mwisho za simu ya mtu. Nilikuwa nimekipitia mara tatu. Akanipa mkasi, nikakikata.